Daftari la Upande Mmoja

Kwa muda wa miaka mitatu, kila Jumapili alasiri baada ya ibada, nilikuwa na desturi ya kuketi katika ua wa hoteli moja kando ya barabara iendayo Shinyalu, nikimsikiliza mwimbaji aliyetunga nyimbo zake mwenyewe na kuzipiga kwa gitaa kavu, lisilo la umeme. Alikuwa mtu mzima aliyefanya kazi miaka mingi penye majiko ya sukari guru, na wapo walioamini kuwa moshi wa majiko hayo ndio uliomkwaruza koo. Mama mpishi wa hoteli hiyo hakukubali. Alisema sauti ile ni ya mwiko unaokwangua ukoko wa ugali, na mwenye njaa hawezi kuisikia akabaki ameketi. Sijapata maelezo yaliyo sahihi zaidi.

Watu walitoka mbali kuja kumsikiliza: wakataji miwa wa upande wa Mumias, waongoza wageni wa msitu wa Isecheno, waendesha boda boda wa mjini. Walimrekodi kwa simu, lakini waliporudi nyumbani hawakusikia ila vifijo na vicheko vyao wenyewe. Mimi, niliyefundisha fasihi hadi kustaafu, niliyaandika maneno yake kwa mkono. Daftari langu lilikuwa na nyimbo ishirini na saba, kila ubeti mahali pake. Kelele za wasikilizaji sikuziandika. Nilizipepeta kama makapi. Beti zilizobadilika kila Jumapili niliziacha pia, nikingoja zitulie.

Mwaka jana malaria ilimpanda kichwani. Alitoka hospitalini vidole vikizikumbuka nyuzi, sauti ikikwaruza kama zamani, lakini maneno yalikuwa yamemtoka. Akaja nyumbani kwangu.

"Mwalimu, nasikia umeniwekea nyimbo zangu."

"Zote, mzee."

"Basi nipe nizisome. Jumapili nikiona wimbo haushiki, gitaa nampa mpwa wangu akapige kanisani. Sitaki watu wakae pale kunihurumia."

Alisoma wiki nzima. Nami nikafanya jambo nililoliona la busara: Jumapili hiyo nilifika mapema, nikamwomba kila aliyeingia anyamaze, mgonjwa asije akapotezwa njia.

"Hata mimi?" akauliza mama mpishi.

"Wewe hasa."

"Haya, mwalimu. Mimi huwanga sina adabu, lakini leo nitajaribu."

Alianza na wimbo uliopendwa kuliko zote, wa mkwe aliyekaribishwa kwa kuku. Huku kwetu firigisi ni haki ya mwanamume anayeheshimiwa mezani. Kumnyima ni kumtukana. Katika ubeti wa tatu mkwe anafunua bakuli, anachakura mchuzini, firigisi haimo. Hapo mwimbaji alinyamaza na kututazama, kama alivyozoea. Hakuna aliyekohoa. Akatazama daftari, akaimba ubeti wa nne, ambamo mkwe anavaa kofia na kwenda zake. Hakukosea neno hata moja. Wimbo uliokuwa ukichukua karibu nusu saa ulikwisha kabla chai yangu haijapoa.

Tukapiga makofi, kwa heshima, kama watu waliosomewa taarifa. Alilifunga daftari.

"Maneno ni yangu," akasema, "lakini nimekaa kati yao kama mgeni." Akachukua kitambaa, akaanza kulifunika gitaa, na kumpungia mkono mpwa wake aliyesimama mlangoni.

"Wewe mzee, ngoja!" Mama mpishi alikuwa ameinuka, mwiko mkononi. "Unaenda wapi na firigisi hatujui imeliwa na nani?"

"Si wewe mwenyewe!" akadakia mwendesha boda boda mmoja. "Angalieni hayo mashavu!"

"Nyamaza, we mtoto wa watu! Mama yako alikunyimanga hata shingo!"

Ua ukalipuka kwa kicheko. Niliinua mkono kuwatuliza, kisha nikaushusha, kwa sababu mwimbaji alikuwa amekiacha kitambaa kianguke. Kwa sauti ile ya kukwaruza akaimba kwamba mpishi alionja firigisi kujua kama chumvi imetosha, akaonja tena, na chumvi ilipotosha firigisi ilikuwa imekwisha. Mkataji miwa mmoja akauliza kwa nini mkwe hakupewa hata maini. Alijibiwa kwa ubeti mwingine. Nilifungua daftari alilokuwa ameliweka kando, nikazitafuta beti hizo, hazikuwamo.

Mkwe alivaa kofia yake jua likiwa limeanza kuinama. Baada ya hapo zilifuata nyimbo nyingine tatu, kila moja ikiamshwa na mtu aliyejua mahali pa kuipigia kelele.

Daftari alinirudishia siku hiyo hiyo. Tangu wakati huo, katika kurasa za kushoto mimi huandika maneno ya wasikilizaji, na katika za kulia yale anayowajibu. Gitaa amebaki nalo. Mpwa wake anajifunza kinanda.