Nilimsifu Mwanangu kwa Funga Isiyokuwa Funga

Nisikilize, mwenzangu, halafu uniseme utakavyo. Kosa ni langu. Si la mtoto, si la tableti, si la Johannesburg. Ni langu mimi, mama mzima na akili zangu!

Mimi ni mtu wa Tanga, nasuka nywele hapa Bellevue, mtaa wa Johannesburg, mwaka wa tisa sasa. Nina mtoto mmoja tu, wa kike. Nitamwita Rukia, ingawa silo jina lake. Baba yake ana mke mwingine huko Durban, huyo tumwache. Tunakaa chumba kimoja kwenye nyumba kubwa ya zamani iliyogawanywa vyumba sita, na choo ni kimoja, kiko uani.

Mtaa nauogopa, sifichi. Nimeshaona wageni tunavyokimbizwa hapa. Basi Rukia akirudi shule nilimwambia ajifungie kwa ndani, mimi navuka barabara naenda saluni. Akitaka choo amwite Mama Deborah, jirani yetu wa Kikongo, fundi cherehani, amsindikize. Na ili asichoke kukaa peke yake, nikamnunulia tableti ya mtumba imejaa magemu.

Yarabi, ule utulivu! Wateja wakawa wananiambia, "Dada, mwanao hata hasikiki!" Kichwa kikanivimba. Nikajibu, "Mwanangu nimemlea mimi huyo!"

Mwaka jana, Ramadhani ilipoingia, Rukia alikuwa na miaka saba. Siku ya kwanza akaniambia, "Mama, na mimi nafunga." Nikamwambia afunge mpaka adhuhuri, kama tulivyoanzishwa sisi utotoni. Akakataa katakata. Anataka mpaka magharibi!

Jamani, nilivyofurahi! Nikampigia simu mama yangu Tanga. Vigelegele nilivyovisikia kwenye ile simu, utadhani kuna harusi. Kabla ya jioni ukoo mzima unajua kwamba mjukuu aliyezaliwa ugenini anafunga. Mimi niliyesemwa kwamba huku nitampoteza mtoto, leo nasifiwa mimi!

Nikamwambia Rukia, "Ukitoka shule cheza gemu lako mpaka futari, njaa utaisahau." Nikajiona mjanja. Ole wangu!

Midomo ikamkauka, nikasema ni swaumu. Macho yakawa mekundu, anapepesa pepesa, nikasema ni swaumu. Mwalimu akaandika kwamba mtoto anasinzia darasani, nikamjibu kwamba tuko kwenye mwezi mtukufu. Wakati wa futari anatafuna tende moja, maji mafunda mawili, huyoo kwenye tableti. Nikimbembeleza anywe uji anasema ameshiba.

Kisha nikaanza kukuta chupi zake mbichi, zinanuka mkojo. Unajua nilifanya nini? Nilimfinya. "Msichana mkubwa unafunga halafu unajikojolea? Huoni haya?" Hakulia. Alirudi kwenye gemu lake.

Mama Deborah ndiye aliyeona. Jioni moja akanifuata saluni, akanivuta pembeni. "Mama Rukia, mtoto yako haniite tena. Hatoke kwenda ku choo siku muzima. Hii haiko funga, mama. Umuangalie."

Mdomo wangu huu! Nikamjibu mbele ya wateja, "Wewe si Mwislamu, mambo ya funga utayajulia wapi? Shona nguo zako." Akaniambia, "Sawa, mama," akaondoka zake.

Idi ikapita. Rukia akasema anaendelea, anafunga na Sita. Nani aliyemwambia habari za zile siku sita za Shawwal? Mimi, kwa kumsimulia! Nikapiga simu tena Tanga, vigelegele tena.

Siku ya tatu ya Sita asubuhi nikamkuta amejikunja kitandani, anachemka, kashika kiuno. Nikamsaidia akojoe kwenye ndoo. Mkojo ulikuwa mweusi kama chai ya rangi. Nikapiga ukelele. Aliyekuja mbio ni Mama Deborah, yule yule niliyemfukuza. Alimbeba mgongoni mpaka kliniki, na kliniki wakatupeleka hospitali.

Nesi akamuuliza Rukia kwa nini hanywi maji. Akajibu kwa Kiingereza, maana Kiswahili anakisikia zaidi kuliko kukisema. Akasema akinywa maji anabanwa mkojo, na akienda chooni wenzake kwenye gemu wanamuacha, anapoteza leveli. Basi anaubana mpaka haja imwishe yenyewe.

"Kwa hiyo hukuwa unafunga?" nesi akamuuliza.

Mwanangu akanitazama mimi. "Nikisema nafunga, Mama hanilazimishi kunywa," akasema. "Na anafurahi."

Na anafurahi! Wallahi, lile neno ndilo ninaloamka nalo mpaka leo.

Daktari akaeleza kwamba maambukizi yametoka kwenye kibofu yakapanda mpaka kwenye figo. Siku nane tulilala pale. Rukia akapata nafuu, lakini figo moja imebaki na makovu. Anatakiwa kunywa maji kutwa, chooni aende kwa saa, na kufunga asifunge mpaka wao waseme. Lini watasema, sikuambiwa.

Tableti niliiondoa. Eish, wiki mbili za kwanza! Alipiga kichwa ukutani, akaniuma mkono, akaniambia ananichukia. Nikamwacha aseme. Siku hizi anashinda nami saluni, au kwa Mama Deborah, anayemfundisha kushona vifungo. Gemu ni nusu saa, Jumamosi, amekaa karibu yangu. Macho yameacha kupepesa.

Halafu Ramadhani ya mwaka huu ikaingia. Usiku wa daku nilimkuta ameshaamka, kavaa mtandio wake, kakaa mkekani ananisubiri. "Mama, safari hii kweli," akaniambia, kwa Kiswahili kabisa. "Sidanganyi. Nifunge na wewe."

Kulipokucha nikamjazia kikombe cha maji. Mimi nimefunga, namshikia mwanangu kikombe. Alikunywa huku machozi yanaingia mlemle kwenye maji.

Jioni mama yangu akapiga simu kutoka Tanga. Hajui chochote, sijawahi kumwambia. "Haya, mjukuu wangu anaendeleaje na funga yake?" Rukia alikuwa amesimama mbele yangu, kikombe mkononi, ananisikiliza.

"Anafunga, mama," nikasema. Vigelegele vikaanza.

Rukia aliweka kikombe chini, akatoka.

Ndiyo maana naungama hapa, kwa watu nisiowajua. Wewe mzazi, mwanao akitulia sana, usikimbilie kumsifu. Nenda kamtazame. Muulize amekunywa maji saa ngapi, amekojoa saa ngapi, na jirani akikwambia kitu, mkaribishe akae. Mimi kesho nampigia mama yangu, namwambia yote, na Rukia atakuwepo asikie.