Weusi Ndani ya Bomba la Maziwa

Saa mbili asubuhi, uani kwa Zakari Nasoro mtaani Makomeno, bomba la inox, chuma kisichoshika kutu, linazunguka polepole na hakuna mkono unaolizungusha. Mota ndogo, iliyong'olewa kwenye vifuta vioo vya gari bovu, ndiyo inayofanya kazi hiyo. Zakari, mwenye umri wa miaka 46, amekaa kwenye kigoda, kinyago usoni, kanyagio chini ya mguu. Tochi ya kuchomelea imefungwa mahali pamoja. Bomba ndilo linalopita mbele ya moto.

Anazima, anavua kinyago, anachungulia ndani ya bomba kwa taa ya simu. Anachungulia tena.

"Inje haina kitu ya kuniambia tena," anasema. "Inje ilinidanganyaka mwaka muzima."

Zakari ni mjukuu wa mfua chuma aliyetoka Kasongo. Kwa miaka kumi na tisa amechomelea mageti na mabomba ya maji. Mwaka juzi Mama Chilufya, anayetengeneza mtindi mjini hapa, akampa kazi yake ya kwanza ya inox: viungo thelathini na nane vya mabomba ya kupitishia maziwa. Alivichomelea kwa mkono, akilizunguka kila bomba kwa magoti. Vilipoisha viling'aa hata majirani wakaitwa waje waone.

Kazi ile ilimwachia maumivu ya shingo, ndipo akaanza kuunda mashine. Mota ya kwanza iliungua, maana umeme wa kuchomelea ulipita kwenye beringi. Akafunga brashi ya shaba inayogusa ekseli ili umeme upate njia yake. Machi mwaka huu mashine ikatoa mshono wa kwanza, ulionyooka kama uliochorwa kwa rula.

Kwa furaha akalipasua bomba amwoneshe mkewe, Yasmine. Ndani kulikuwa kweusi, kumeota mapele, kama ukoko wa bukari, ugali wa huku, iliyoungua.

"Nilizani ni mashine njo inakosea," anasema.

Akakumbuka kipande kilichobaki kwenye kazi ya Mama Chilufya, alichokichomelea kwa mkono. Akakipasua nacho. Kilikuwa kibaya zaidi.

Inox inapoyeyuka, hewa iliyo ndani ya bomba huiunguza. Sharti gesi ya argon, inayoifukuza hewa, ijazwe ndani pia, si nje peke yake. Kwenye geti, weusi huo haumdhuru mtu. Kwenye bomba la maziwa, mapele yale hushika masalia, na masalia huchacha.

Yasmine ndiye aliyekumbuka jambo jingine. "Si Mama Chilufya alifukuzaka ule mama Sephora juu ya maziwa ilikuwa inaharibika?"

Zakari aliviokota vipande vyote viwili, akaviweka kando.

Sephora, mjane mwenye watoto watatu, ndiye aliyekuwa akiosha mabomba yale. Maziwa yalipozidi kuharibika aliambiwa haoshi vizuri, akaondolewa. Miezi saba ilikuwa imepita. Siku alipoondolewa, Zakari alikuwepo, amekuja kukaza bomba.

"Na mimi nilisemaka, 'Soudure yangu iko propre, Mama, angalia namna nilichomelea safi.' Nilisema vile mbele ya Sephora."

Kesho yake akampelekea Mama Chilufya vipande vyote viwili. Mama alipitisha kidole ndani ya kimoja, kisha ndani ya cha pili.

"Yote iko hivi?"

"Yote, Mama. Nilifanyaka yote namna moya."

Mama Chilufya alisimamisha kazi siku ileile. Kisha akachukua kitenge chake, akasema, "Twende kwa Sephora."

Walimkuta mlangoni pake akiuza makaa. Zakari alieleza yote, akaomba radhi. Sephora alikigeuza kile kipande kwenye mwanga.

"Nilikuwa nasugua mpaka vidole inatoka damu," alisema taratibu. "Nikaanza kuwaza, pengine njo mimi niko muchafu."

Zakari anasema maneno hayo humjia hata akiwa katika sala.

Aliuza pikipiki yake akanunua argon, akatoboa ekseli ya mashine ili gesi ipite ndani ya bomba linapozunguka, akavirudia viungo vyote bila malipo kwa siku kumi na moja. Sephora alikubali kurudi kazini kwa sharti moja: hakuna bomba litakalofungwa kabla hajachungulia ndani yake. Alikataa matatu. Zakari aliyakata, akayarudia. Tangu hapo maziwa hayajaharibika.

Sasa anataka kuunda mashine ya pili, aiweke wazi kwa mafundi wenzake waje kujifunza, na kila mmoja apasue kazi yake moja mbele ya mteja. Ila kuna jambo la kutangulia. Kabla ya kugundua kosa lake, alipata kazi nyingine ya inox, kwa mtengeneza juisi wa upande wa Luano. Mtu huyo alikuwa safarini Kolwezi, amerudi juzi.

"Siku ya kwanza, Jumatatu, naenda," anasema Zakari, akikifunga kipande cheusi ndani ya gazeti. "Simu hapana. Iko lazima aone na macho yake."