Kisanduku cha Marehemu

Kama kuna kitu kinachonipandisha hasira ni mtu anayesogeza maneno kwa kubonyeza kitufe cha nafasi mara arobaini. Analeta flashi, nafungua barua yake, nagusa neno moja tu na barua nzima inaporomoka kama ukuta wa tope wakati wa masika. Mimi sikuwa wa namna hiyo. Steshenari yangu hapa Karatu ni chumba kimoja, kompyuta moja na prinita moja yenye kiburi, lakini nyaraka zangu zilinyooka. Nilijivuna, nakiri.

Kilichonivimbisha kichwa zaidi ni muhtasari wa kikao cha ukoo. Mtu akifa, ndugu wanakaa, wanamteua msimamizi wa mirathi, wanaandika muhtasari na kuusaini, ndipo mahakama inawasikiliza. Mihtasari hiyo inafanana, kinachobadilika ni majina. Basi nikatengeneza mmoja wa mfano, na mwanzoni nikaweka visanduku vya kujaza: marehemu, mwenyekiti, msimamizi, mjane, wajumbe. Jina unaliandika mara moja kwenye kisanduku chake, unaiamuru kompyuta, nalo linajipanga lenyewe kila mahali linapotakiwa hadi ukurasa wa mwisho. Watu walishangaa namna nilivyomaliza kabla hawajamaliza soda zao.

Siku hiyo alikuja mama wa Kimasai, mjane. Mumewe alikuwa mtu wa Enguserosambu, kule umasaini, akaja huku kulinda loji ya watalii, akanunua kiwanja nyuma ya soko na kujenga vyumba viwili. Nyumba ilikuwa kwa jina la marehemu. Mjane alitaka ateuliwe msimamizi, ili yeye na watoto wasije wakatolewa. Miezi kadhaa alikuwa amewabembeleza wazee wa ukoo, na sasa walikuwa wamekaa kwenye benchi langu, wanne, na shuka zao na fimbo zao. Mgumu kuliko wote alikuwa kaka mkubwa wa marehemu, aliyeongoza kikao. Alikuwa amekubali jana yake tu.

Mjane alinipa vitu viwili: karatasi ya daftari yenye orodha ya majina, aliyomwandikisha binti yake wa shule, na cheti cha kifo kilichofungwa ndani ya nailoni. Cheti nilikiweka kando ya kibodi bila kukifungua. Foleni ilikuwa imefika mlangoni, na umeme ulikuwa umekatika mara mbili asubuhi hiyo. Jina la kwanza kwenye orodha nikalitia kwenye kisanduku cha kwanza, la pili kwenye cha pili, nikateremka hivyo hivyo hadi chini.

Nina desturi ya kuwasomea watu kabla hawajasaini, maana wengi wanaweka dole gumba. Nikasimama, nikasafisha koo, nikasoma kwa sauti ya kanisani: muhtasari wa kikao cha kumteua msimamizi wa mirathi ya marehemu. Nikataja jina. Lilikuwa jina la kaka mkubwa, aliyekaa mbele yangu akiniangalia.

Nilipaswa kujua. Nimezaliwa hapa, nimesoma na watoto wa Kimasai. Sisi Wambulu jina la maiti wetu tunalipaka rangi msalabani na kulitangaza misa hadi misa. Wao hawalitaji. Mtu akishaondoka, jina lake linaachwa, anasemwa kwa kuzungukwa: baba wa fulani, yule aliyetutoka. Mjane asingeweza kulitamka hata kwa binti yake aliyekuwa anaandika. Orodha ilikuwa ya watu walio hai peke yao, na kaka alikuwa wa kwanza kwa sababu ndiye mwenyekiti. Jina la marehemu lilikuwa limekaa ndani ya nailoni, pembeni ya mkono wangu.

"Shemeji, kompyuta ndiyo imekosea," mjane alisema.

"Kompyuta hainijui mimi," kaka akajibu. "Nani ameiambia kwamba nimekufa?"

"Ni mimi, mzee. Naomba unisamehe. Dakika moja tu."

Nikafungua nailoni. Nikabadilisha kisanduku, nikaweka kila jina mahali pake, nikaiamuru kompyuta, nikaona kwenye kioo maneno yamekaa sawa, nikachapa. Sikusoma tena kwa sauti, niliona aibu. Nikampa mzee karatasi mkononi, yeye ambaye kusoma kidogo alijua.

Kuna mstari wa juu unaojirudia kwenye kila ukurasa, tunauita heda. Una ukaidi wake: usipoufungua wenyewe na kuuamuru peke yake, unabaki na kile ulichokuwa nacho. Nilikuwa nalijua hilo vizuri kuliko mtu yeyote Karatu. Kwenye kurasa zote nne, juu kabisa, tena kwa herufi nzito nilizozichagua mimi kwa madaha, yule mzee alikuwa bado marehemu.

Alifunua ukurasa wa kwanza, wa pili, wa tatu. Kisha akaweka karatasi sakafuni, taratibu, akainuka.

"Mara ya kwanza ni kukosea," akasema. "Mara ya pili mimi sisaini."

Wenzake wakainuka naye. Mjane aliwafuata hadi barabarani, akiwasemesha kwa Kimaa, lugha yao, na mimi nikabaki nimeshika karatasi nilizochapa upya mara ya tatu, safi, zisizo na kosa lolote. Aliporudi hakunigombeza. Heri angenitukana. Alichukua cheti chake, akakifunga tena kwenye nailoni, akaniambia, "Haya dada, kazi njema."

Nilijifariji kwamba mzee aliogopa kweli mkosi wa kuitwa marehemu, na kwamba woga huisha. Watarudi, nilijisemea.

Alirudi yule kaka mkubwa, baada ya mavuno ya maharage, peke yake. Alitaka muhtasari mpya, yeye akiwa msimamizi. Nikamuuliza marehemu ni nani, nikitegemea anipe cheti. Akalitamka jina la mdogo wake, kavu, kisha akanitajia herufi moja moja nisije nikakosea. Hakuwa ameogopa chochote siku ile. Alikuwa anatafuta upenyo, na mimi ndiye niliyemfungulia.

Ningeweza kumwambia atoke. Nilijaza visanduku. Nilipofika kwenye cha mjane nikamtazama.

"Andika hakuhudhuria," akasema.

Nikaandika. Nikaifungua heda, nikaiamuru peke yake, nikahakiki kila ukurasa. Waraka ulitoka umenyooka, mzuri kuliko nyaraka zote nilizowahi kuchapa. Nyuma ya soko si mbali na dukani kwangu, unafika kabla jasho halijakutoka. Sikwenda kumwonya yule mama. Niliogopa ataniuliza ni nani aliyechapa.