Mtungi wa Mlangoni kwa Bhanu

Tangu Jumatano Bhanu hakukaa kitako. Mjane huyu wa Ngara alipanga mabunda ya vitambaa dukani mwake, akayapangua, akatoka mlangoni kuchungulia barabara, akarudi ndani kugombana na mkasi. Mwelu, muuza sukuma wiki aliyeketi kwenye ngazi za duka kila siku, alikuwa hajaonekana siku ya tatu sasa.

Kando ya ngazi hizo ulikaa mtungi wa maji. Baba mkwe wa Bhanu aliuweka zamani, kama walivyofanya wazee wao kule Gujarat, India, ili mwenye kiu anywe bure aende zake. Bhanu aliutunza kama mboni ya jicho. Mwaka ule wa 1997 mfereji ulitoa maji Jumanne na Ijumaa tu, tena kwa kujivuta, naye hakupoteza hata tone: maji ya kuoshea mchele alipigia deki, ya deki akayamwaga chooni. Jumanne hiyo yalitoka yana rangi ya chai. Mwingine angeyachemsha. Bhanu, na hapo ndipo ujuaji ulipomponza, aliyachuja kwa kitambaa cheupe kilichokunjwa mara nne, kama alivyofunzwa na mama yake. Alipoona yameng'aa, akaujaza mtungi.

Kaloki, mpakiaji wa dukani, ndiye aliyeleta habari Ijumaa asubuhi. "Mama, Mwelu amelazwa. Wanasema ni kipindupindu."

Bhanu alimkuta Mwelu wodini, macho yamezama, dripu mkononi.

"Sista ameniuliza nilikunywa maji wapi," Mwelu alinong'ona. "Nimemwambia ni ya kwangu nyumbani. Mama, usiseme kitu. Watachukua hiyo mtungi, na watu watakunywa wapi?"

Bhanu aliona aibu iliyomchoma hadi kifuani. Mwanamke aliyetiliwa naye ugonjwa kwenye kikombe ndiye aliyekuwa akimsitiri! Na tusimfiche: kwa muda mfupi uongo huo ulimpendeza, kwa kuwa ungeliokoa jina la ukoo. Alizunguka kitanda mara mbili, kisha akamwendea sista.

"Maji ni yangu. Mwelu alikunywa kwangu, dukani."

Sista alichukua kalamu. "Ni watu wangapi wanakunywa hapo kwa siku?"

Bhanu alijaribu kuwahesabu kichwani. Kwao maji ya thawabu hayahesabiwi, wala anayekunywa haulizwi jina. Miaka thelathini alijivunia jambo hilo. Sasa jina alilokuwa nalo ni la Mwelu peke yake.

"Wengi," alisema, machozi yakimtoka. "Siwajui."

"Na huo mtungi uko wapi saa hii?"

Bhanu alikuwa ameshakamata sari yake kwa mikono miwili, anakimbia kuelekea Ngara.