Shosho na Kengele za Wamiao

Kaka yangu alisomea kusini mwa China, katika mkoa wa milima wanakoishi Wamiao, na aliporudi nyumbani Kiganjo aliniletea kidani cha fedha ambacho mama alidhani ni kipuri cha trekta. Kilikuwa kipana kama sahani ya ugali, kimechongwa vipepeo na samaki, na ukingoni vilining'inia vikengele vidogo tele. Kaka akaeleza kwamba mama wa Kimiao huanza kumwekea binti yake mapambo ya fedha tangu akiwa mchanga, na siku ya sherehe msichana huvishwa yote kwa pamoja, ukamsikia kabla hujamwona. Mama akauliza kama msichana huyo huweza kukaa chini.

Mimi nilikipenda papo hapo. Tena kilikuja kwa wakati wake, maana ngurario yangu, sherehe yetu ya kukamilisha ndoa ya kimila, ilikuwa imekaribia. Siku hiyo bibi harusi hufunikwa leso gubigubi pamoja na wanawake wengine, wakapangwa mstari, na bwana harusi hutakiwa amtoe aliye wake bila kumfunua. Akikosea hutozwa faini na kuchekwa. Faini huisha, kicheko hakiishi. Jirani yetu mmoja alimkosa mkewe, na mpaka leo, watoto wameshaota ndevu, bado anakumbushwa hata matangani.

Shangazi zangu wa Gatitu walikuwa wameapa kwamba wangu atakosa. Walisema kijana mwenyewe haangalii watu usoni, anaangalia viatu. Ni kweli ana haya, lakini maneno hayo yalinichoma, kwa sababu nilitaka anijue. Si kubahatisha, anijue. Hata hivyo sikuona sababu ya kumwachia Mungu kazi yote peke yake, kwa hiyo nikampigia simu nikamwambia asikilize kengele za kidani changu. Yeye huimba sauti ya nne, ile nzito ya besi, katika kwaya yao ya Ruring'u, akajigamba kwamba sikio lake halijawahi kumdanganya.

Ujanja wa nyani huishia jangwani. Siku yenyewe shangazi walituvalisha wote gambuti za shambani, ili asinijue kwa viatu. Shosho, mama yake baba, alikuwa ameketi kitandani akikitazama kidani changu. Masikio yake bado yana yale matundu makubwa ya hereni za zamani, naye huyaficha kwa kitambaa. Alizivua hereni alipookoka, akawakabidhi watu wa kanisa, na hakuna aliyewahi kumwambia zilikoenda. Akaomba ajaribu kidani changu shingoni, kidogo tu. Nani amnyime shosho? Nikamvisha.

Papo hapo tukaitwa nje. Shangazi mmoja aliona kwamba mimi na shosho kimo chetu ni kimoja, akaona amepata mtego mzuri, akamtupia leso na kumsukumia gambuti miguuni. Nilijaribu kupinga, lakini nilikuwa nimeshafunikwa, na leso iko mdomoni.

Tulitoka kimya, tumeinama kama tulivyoagizwa, isipokuwa mmoja aliyekuwa akilia kengele kama mbuzi anayeongoza kundi. Shosho alipojisikia, akazidi kutikisa mabega. Nikasikia hatua za bwana harusi zikija, zikafika kwangu, zikanipita bila hata kupunguza mwendo.

"Ni huyu," akasema kwa sauti ya nne.

Leso ikafunuliwa. Shosho akamkumbatia kwa nguvu asizokuwa nazo wakati wa kuteka maji, akawatangazia wageni kwamba mumewe amefika, ingawa amechelewa. Kuna mzee alicheka mpaka kiti cha plastiki kikampasukia.

Mimi nilikuwa na hasira ya kutosha kurudisha mbuzi wote wa mahari. Lakini nikawaza uso wa bwana harusi mikononi mwa shosho, nikaanza kucheka. Kicheko changu hakina sauti, hutikisa mabega tu, halafu mwishoni hutoka puani kama ng'ombe aliyenusa chumvi. Nikakizuia. Kikatoka.

Akageuka. Kelele zote zile, lakini akageuka.

"Huyo," akasema. "Huyo ndiye hucheka hivyo."

Shangazi walidai nimemsaidia. Kwa kweli, mara hii sikumsaidia hata kidogo, na nikalia mbele ya watu kama mtoto.

Jioni nilikwenda kwa shosho kudai kidani changu. Nilimkuta jikoni, amekivaa, amevua kile kitambaa cha kichwani, na masikio yake yako wazi.

"Wewe unajulikana hata bila kengele," akaniambia. "Mimi sijaangaliwa na mtu tangu guka yako, mume wangu, aende. Niachie hii kitu."

Nikamwachia. Siku hizi huenda nacho kanisani, na mhubiri husubiri kwanza afike kwenye benchi lake la mbele.