Ukurasa wa 161

Miaka ile mshahara ulikuwa umesahau njia ya mji wetu wa Likasi, lakini bado nilikwenda kazini kila asubuhi, kwa miguu, na shati limenyooshwa. Kwenye lango la karakana yetu mama mmoja aliuza karanga za kukaanga. Vitabu vya watu waliohama viliuzwa sokoni kwa kilo, naye alivichana akafungia karanga zake.

Shule niliiacha mapema. Nilisoma chochote kilichonifikia. Siku moja kilinifikia kitabu cha Kifaransa juu ya sayansi, ukurasa wa kwanza, umelowa mafuta. Mwandishi aliuliza: chuma kikitiwa moto hutanuka, tumeona mara elfu, nani ametuhakikishia mara ya elfu na moja?

Swali lile lilinikaa kichwani. Kesho yake nikawahi, nikanunua kifuko cha kwanza: ukurasa wa 21. Siku iliyofuata, 41. Nikaanza kuandika namba kwenye daftari, nimesimama palepale mbele ya mama yule. Kila asubuhi namba iliongezeka ishirini, maana alichana karatasi kumi kwa siku, kwa mpangilio. Siku ya nane, nikitoka kazini, nikapata kifuko cha mwisho cha siku. Chini ya ukurasa wa 160 palisomeka: "Jibu ni rahisi kuliko tunavyodhani, kwani…"

Basi jibu lilikuwa 161, kesho, kifuko cha kwanza. Nililala na furaha ya mtu aliyekwisha kupiga hesabu.

Asubuhi nikafungua kifuko changu. Karatasi ya mfuko wa simenti!

"Mama, kitabu kiko wapi?"

"Kitabu gani?" Hakuniangalia. "Minye nauza karanga."

"Kile cha jana. Nakuomba."

Akasimama, mikono kiunoni. "Papa, siku munane unakuya, unafungua karatasi, unaandika namba. Mutu anaandika namba mbele ya meza ya mama, ni mutu ya Leta! Kila mara banaanza na kuandika, kisha banakuya kubeba bintu. Weye utabeba nini? Karanga?"

Wauza mihogo pembeni wakaitikia, "Ni vile, ni vile!"

Mimi, mtu wa serikali! Nikampa daftari alikague mwenyewe. Alikuta namba za kurasa na swali la chuma, nililoliandika mara tatu. Akacheka mpaka akakaa chini, kisha akainua kiti chake: kitabu kilikuwa chini yake, kimefungwa kwenye kitenge.

"Soma basi, sote tusikie. Siku munane nilikuogopa bure."

Nikasoma 161, nikiwatafsiria. Jibu: chuma kitatanuka kwani maumbile hayabadiliki.

"Anajua je hayabadiliki?" mama akauliza.

Nikageuza ukurasa. "Anasema, kwa sababu mpaka leo hayajabadilika."

Wakatazamana.

"Lakini njo kile tuliuliza!" akasema. "Huyu anapika bukari ya leo na unga ya kesho!"

Meza zote zikalipuka kwa kicheko. Nilijaribu kumtetea mwandishi, hoja baada ya hoja, nao wakinirudisha kila mara kwenye ugali na unga wake, mpaka king'ora cha kazi kikalia. Nikaingia karakanani nimeshindwa, kitabu kwapani, nikicheka peke yangu.