Mkono Uliopokea

Mwanangu, nakumbuka mnada mmoja wa Rudewa, nikiwa bado binti wa kuteka maji na kubeba wadogo zangu mgongoni, na kila nikiukumbuka siku hizi damu inanichemka. Usinione nimekaa kimya na tasbihi mkononi ukadhani hasira zimeniisha. Uzee unapunguza meno tu. Keti nikuambie.

Mama yetu alikuwa amejifungua na maziwa hayakutoka. Baba akajikusanya, akaenda mnadani kutafuta mbuzi wa kukamua, mimi na dada yangu Zaina tukimfuata nyuma. Dalali akatuonyesha mbuzi mweupe, akamsifia mpaka tukayaona maziwa yanatiririka palepale. Tulipofika nyumbani, hata tone. Mtoto analia, mbuzi anatutazama.

Mnada uliofuata tukamrudisha. Dalali akasema, "Mimi si mwenye mbuzi, mtafuteni mwenyewe." Mwenyewe naye akasema, "Mimi nilimpa dalali mbuzi, habari za maziwa kaziongeza yeye." Baba alikuwa mtu mpole. Alikwenda kwa huyu, akarudi kwa yule, kofia mkononi, asubuhi nzima wakimpiga danadana. Ndipo Zaina akalipuka. Alipaza sauti mnada mzima ukageuka: "Mdogo wetu anakufa njaa, nyie mnatupiana mpira!" Mimi nikaona aibu, watu wazima wote wale wanatutazama. Nikamfinya pajani anyamaze.

Mzee Kibwana, ambaye ndiye aliyekuwa akiamua magomvi ya mnadani, alikuwa amekaa pembeni juu ya ndoo iliyopinduliwa. Aliniona. Lakini alianza na dalali. "Hela ya bwana huyu iliingia mkono wa nani?" Dalali akakiri kwamba aliipokea yeye. "Basi mkono uliopokea ndio unaojibu. Mrudishie, halafu wewe na mwenye mbuzi mkatafutane huko mbele ya safari." Kisha akanigeukia mimi, na sauti yake ikawa kali kuliko ile aliyotumia kwa dalali. "Na wewe binti, anayedai haki yake hafinywi. Aibu yako hiyo ndiyo mtaji wa watu hawa."

Nililia njia nzima. Zaina hakunilaumu, alinishika mkono tu tukarudi nyumbani.

Miaka ikapita. Zaina akaolewa Mwanza, mimi nikabaki hapa Kilosa. Mwaka jana akaugua, ugonjwa ule ambao daktari anaanza kusema na ndugu badala ya mgonjwa. Akanipigia simu, akanisemesha Kisagara chetu cha nyumbani, jambo ambalo hakulifanya kwa miaka mingi. Alisema, "Mdogo wangu, njoo nikuone."

Nilitaka kupanda basi. Mabasi ya Mwanza yanapita Dumila kila siku, na Dumila mimi napajua. Mjukuu wangu Rehema, aliyeko mapokezi kwenye nyumba ya wageni kule Mikumi, akakataa katakata. "Bibi, kwa magoti hayo hutafika. Nimeona tiketi ya ndege kwenye simu, bei nzuri kabisa." Wanangu wakachangishana, tiketi mbili zikanunuliwa, yangu na ya Rehema wa kunisindikiza.

Sasa fungua masikio. Rehema alidhani amenunua kwa shirika la ndege lenyewe, maana picha ya ndege ilikuwa ileile na rangi zilezile. Kumbe yule aliyemuuzia ni dalali, mwenye duka lake humo humo mtandaoni. Na alipotukatia tiketi kule kwa wenye ndege, namba ya simu aliyowapa ilikuwa yake yeye, si yetu. Sisi hatukujulikana. Tulikuwa majina mawili tu.

Tukapanda treni hadi Dar es Salaam, tukafika uwanjani mapema, nimevaa kanga zangu mpya, begani nina kikapu cha mchele wa Kilosa ambao dada yangu aliupenda. Binti wa kaunta akanipokea vizuri, "Shikamoo bibi." Nikamwitikia marahaba. Akatazama kompyuta yake. "Bibi, ndege yenu ya mchana ilifutwa. Abiria walihamishiwa ya asubuhi, nayo imeshaondoka. Walionunua kwetu tuliwapigia. Nyie tulimjulisha aliyewauzia."

"Basi tupandishe ya jioni," Rehema akasema.

"Ya jioni imejaa. Na tiketi yenu kuibadilisha ni mpaka aliyewauzia."

Rehema akampigia dalali. Simu ikaimba wimbo, ikaimba tena, ikakata. Baadaye ukaja ujumbe wa maandishi: tafadhali wasilianeni na shirika la ndege.

Mwanangu, nilimwona baba yangu pale, na kofia yake mkononi. Mnada wa Rudewa umehamia uwanja wa ndege, una viyoyozi na sakafu inang'aa, lakini danadana ni ileile! Tofauti ni kwamba dalali wa Rudewa nilikuwa namwona uso. Nikapaza sauti. Nilisema dada yangu anakufa Mwanza, na kwamba hela yangu ilipopokelewa hakuna aliyeuliza mimi ni mteja wa nani. Shikamoo ya binti yule nimeiitikia, nikamwambia, lakini haitanifikisha Mwanza.

Rehema akanibana mkono. "Bibi, watu wanatutazama."

Nikautoa mkono wake. "Waache watazame. Anayedai haki yake hafinywi."

Msimamizi akatoka ofisini kwa kelele zile. Akabonyeza bonyeza kompyuta, akasema ametupatia nafasi ndege ya kesho yake asubuhi. Kumbe inawezekana! Dakika chache tu zilizopita haikuwezekana hata kidogo. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, lakini ukimpigia kelele mlangoni atatoka tu.

Tukalala kwa ndugu. Alfajiri, kabla sijamaliza wudhu, simu ya Mwanza ikalia, na kwa jinsi shemeji alivyoanza na salamu ndefu nikajua. Nilifika, ndiyo. Nilimkuta Zaina amevishwa sanda, wananingoja mimi tu wamfunike uso. Dada mkubwa huamkiwa. Nikainama nikasema, "Shikamoo dada." Wewe unajua nilichoitikiwa.

Wiki ya pili tangu mazishi, dalali yule akapata sauti. Alituma pole kwa usumbufu, pamoja na vocha ya punguzo kwa safari yetu ijayo ya Mwanza. Safari ijayo! Nikamwendee nani? Danganya toto ile nilimwambia Rehema airudishe, na palepale aandike malalamiko kwa mamlaka inayosimamia usafiri wa anga. Rehema aliona haya, akasema makosa ni yake kwa kutokusoma vizuri. Nikamwambia mficha uchi hazai, andika. Dalali akaitwa ajieleze. Mpaka leo anajieleza, na mimi sijamwachia.

Usidhani nakukataza ndege au simu. Madalali wako waaminifu, na mnada bila dalali hauendi. Ninachokutaka ni hiki: kabla hujatoa hela, ujue unamlipa nani, wenye ndege au mtu wa katikati, na ukimtafuta utampata wapi. Bei ikiwa nzuri kupita kiasi, uliza tena. Masharti ya kubadilisha na kurudishiwa yasome kabla, hata kama maandishi ni madogo kama chawa. Hakikisha namba yako mwenyewe iko kwa wenye ndege, na siku moja kabla ya safari wapigie wewe, usingoje wakupigie. Kila ujumbe uhifadhi. Ndege ikifutwa bila kosa lako, dai safari nyingine au hela yako, na vocha usiipokee kwa sababu tu umeshikishwa. Wakianza kukurusha huku na kule, waulize swali la Mzee Kibwana: hela iliingia mkono wa nani? Pasipojibiwa, mamlaka zipo, na kazi yao ndiyo hiyo.

Na siku ukisimama kwenye foleni ukamsikia mama wa watu anafoka mbele ya kaunta, usimcheke wala usimtolee simu kumrekodi. Hujui anamkimbilia nani. Simama naye.

Mchele ule ulipikwa matangani. Mimi sikuweza kuula.

Nenda, mwanangu, na kila safari yako iwe ya heri. Mungu akukinge na mkono unaopokea usiojibu. Akufikishe mapema kwa unayemwendea, umwamkie, naye akuitikie marahaba.